Rimu za Mbio Zilivyoniingiza Jikoni kwa Mama Mkwe

Kule Kabuchai kwa wakwe zangu siku hizi hakuna anayeniita Wafula, wananiita Rali, hata watoto, na mimi huitika bila kununa, kwa sababu nikinuna wanaojua wataanza kuwaeleza wasiojua, na hiyo hadithi ikielezwa na mtu mwingine mimi huonekana mjinga kuliko nilivyokuwa. Afadhali niieleze mwenyewe. Nilikuwa mjinga wa kutosha, lakini angalau mimi nitajionea huruma kidogo pale katikati.

Mimi ni afisa wa mifugo hapa Kitale, mtu wa miaka hamsini kasoro kidogo, mwimbaji wa sauti ya nne, ile nzito, kanisani, na gari yangu ni Datsun 160J ya rangi ya machungwa niliyoachiwa na marehemu baba, gari ya zamani lakini nzima kabisa, ambayo nikiiegesha sokoni wazee husimama kuitazama kama mtu aliyekutana na mchumba waliyeachana naye akiwa kijana. Miaka yote ilikuwa ikitembea na rimu zake za chuma, nyembamba, za heshima, na hakuna siku niliyosikia ikilalamika.

Sasa baba mkwe akamaliza kujenga nyumba mpya, akatuita wakwe zake twende Jumamosi kwa maombi ya kuifungua. Wakwe zake tuko wawili: mimi niliyemwoa Nekesa, na Simiyu wa Bungoma mjini aliyemwoa mdogo wake Nekesa, na Simiyu alikuwa amenunua gari nyeupe, mpya, kubwa kama zahanati. Tulipokutana mara ya mwisho alinipiga begani akasema, “Ndugu yangu, hii Datsun bado inatembea? Mungu ni mwema!” (Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.)

Wiki hiyohiyo nikasikia kuna jamaa pale mjini aliyewahi kuendesha gari za mbio, zile za rali, mpaka mgongo ukamshauri aache, na kwamba anauza rimu zake nne, pana, nyeusi, zenye ukingo wa dhahabu, na tairi zake juu. Hizo tairi zilikuwa laini kama meza, hazina hata mstari mmoja, kwa maana zimetengenezwa kwa lami kavu ya mashindano. Nilizigusa nikasikia kitu kimenipanda kutoka miguuni. Nikazinunua, nikazipeleka kwa fundi wangu, Barasa, mtu asiyesema sana. Akaifunga moja, akaifungua, akaifunga tena, akajifuta mikono.

“Mwalimu,” akaniambia (mimi si mwalimu, lakini Barasa humwita hivyo kila mtu aliyevaa miwani), “hii rimu ni nene, na bolti za gari yako ni fupi. Nati inashika kwa ncha tu. Ngoja nitafute bolti ndefu, wiki mbili hivi.”

“Wiki mbili? Na maombi ni kesho kutwa?”

“Basi enda na za zamani.”

Niende na za zamani! Nikamwambia akaze kwa nguvu zake zote, Mungu atafanya zilizobaki. Barasa akakaza, lakini alikaza huku akitingisha kichwa, na mimi nikaamua kutotazama kichwa, nikatazama rimu.

Jumamosi asubuhi tukatoka, mimi na suti yangu, Nekesa na kitenge kipya. Hatujafika mbali tukasimamishwa na afisa wa trafiki, mtu mzima mpole, akaizunguka gari mara mbili akainama dirishani.

“Mzee, tairi zako zote nne ni kipara.”

“Afande, hizi si za kuisha. Zimetengenezwa hivyo. Ni za mashindano.”

“Unashindana na nani leo?”

Nekesa akageuka akatazama mahindi ya watu, kwa maana alimjua ninayeshindana naye. Yule afande akavua kofia yake, na chini yake palikuwa paking'aa vizuri tu. “Hata hii imetengenezwa hivyo,” akasema akijigusa utosini, “lakini siitumii kufunga breki. Uko na mama kwa gari. Enda pole pole, na ukirudi Kitale utoe hizo vitu.”

Nikamwambia asante, na nikaenda pole pole mpaka alipoacha kuniona.

Tulipokaribia Kimilili mvua ikaanza, si mvua ya maana, rasharasha tu. Kwenye kona moja nikagusa breki, na ile Datsun ikafanya kitu ambacho sijawahi kuiona ikifanya, ikateleza kimyakimya kama sabuni bafuni, ikazunguka, ikasimama salama ukingoni mwa barabara ikiangalia tulikotoka. Nekesa akajiweka kitenge sawa, akasema, “Hata gari imejua tunafaa kurudi.” Mimi nikacheka kile kicheko cha mtu asiyecheka, nikaigeuza, tukaendelea.

Tulipopita Chwele tukaacha lami tukaingia barabara ya murram ya kwenda kwa wazee, na hapo nikaanza kusikia ko, ko, ko, upande wa kushoto mbele.

“Wafula, kuna kitu inagonga.”

“Hiyo ndiyo sauti yake. Gari za mbio hazikai kimya.”

“Si unisikize, baba. Simama uangalie.”

Ningesimama. Ilikuwa tu nishuke, nichukue spana, dakika tano. Lakini pale chini nilikuwa nimeshaona hema, nimeona watu, na nimeona ile zahanati nyeupe ya Simiyu imeegeshwa mbele kabisa, na mtu aliyenyoosha suti yake vizuri hataki kuonekana amepiga magoti kwa matope. Nikashuka mteremko. Katikati ya mteremko nikaona gurudumu linatupita upande wa kushoto, linakwenda zake vizuri kabisa, na (hii naisema kwa sababu Nekesa atawaambia hata nikiificha) nikasema, “Ona! Kumbe kuna mtu mwingine ako na rimu kama zetu.”

Halafu gari ikainama, ikakwaruza chini kwa kishindo, ikaingia mtaroni ikalala.

Nikatoka nikakimbia. Gurudumu lilikuwa limepita langoni na linaelekea hemani, ambako mchungaji alikuwa amefika mahali pa kufukuza pepo wachafu kutoka nyumba mpya, na watu wote walikuwa wamefumba macho na kuinua mikono. Mimi huku nyuma nikapiga kelele kwa sauti yangu ya nne, “Tokeni! Tokeni!” Na umati wote, bila kufungua macho, ukaitikia, “Toka! Toka!” Nikizidi kupiga kelele wanazidi kupata moto. Gurudumu likapita pembeni ya viti, likaikosa gari ya Simiyu kidogo sana (nakiri kwamba kwa nusu sekunde niliomba jambo ambalo Mkristo haombi), likaruka kijiwe, likaingia mlango wa jikoni.

Na mimi nyuma yake. Sikutaka kuingia. Viatu vyangu vipya vilikanyaga nyasi zilizolowa, na kwa kuwa siku hiyo kila kitu changu kilikuwa laini chini, niliteleza nikaingia kwa tumbo.

Kwetu Wabukusu mtu hakaribiani na mama mkwe wake. Hamsalimiani kwa mkono, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anakata kona, na jikoni kwake mkwe hakanyagi. Miaka kumi na tisa nimemheshimu mama yule kwa umbali wa mita kumi. Sasa nilikuwa miguuni pake, sufuria ya kuku aliyepikiwa mchungaji imenipindukia, mchuzi unashuka kwenye tai, na nikitafuta kusimama nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kikawa mkono wake.

“Wuuuwi!” akasema, akajifunika uso kwa leso. Pale nje maombi yakaisha bila amina.

Wazee wakakaa kikao hapo hapo. Mmoja wao, kaka yake baba mkwe, akaniuliza, “Uliingia jikoni kufuata nini?”

“Gurudumu, baba.” Kwa aibu ulimi ukanirudisha nyumbani, kwenye Kibukusu, kila r ikawa l. “Ni guludumu ya lali.”

“Hailali?” Akatazama barabarani. “Na ile imelala pale kwa mtaro ni gali ya nani?”

Walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Mimi pia ningecheka, lakini Nekesa alinivuta mkono akanipeleka mpaka mlango wa jikoni, akanionyesha ndani kwa kidole. Mtoto wa Simiyu, kasichana ka miaka miwili, alikuwa amelala kwa mkeka kando ya ukuta, hajaamka hata kwa zile kelele. Alama ya matope ya tairi ilipita sakafuni hatua mbili kutoka miguuni pake. Nikageuka nikamkuta Simiyu amesimama nyuma yangu, anaitazama hiyo alama.

Nekesa akamtoa mtoto nje. Simiyu alimpokea akampa mama yake, akavua koti, akaleta jeki, akapiga magoti kwenye matope yale niliyoyakwepa mimi, tukalishikiza gurudumu kwa nati za kuazima kutoka yale mengine, tukaitoa Datsun mtaroni tukaisukuma mpaka uwanjani. Jioni akatupeleka mpaka Kitale kwa gari yake, mimi nyuma nikinuka kuku, na njia nzima hakutoa hata neno moja la kejeli. Nilitamani atoe.

Wazee walikata shauri kwamba nipeleke kondoo, mama mkwe atakaswe, ndipo nirudi pale kama mtu. Nilichojifunza ni kifupi: mke akikwambia simama, simama, suti utafua. Na nimeapa, mbele ya Nekesa na Barasa, kwamba sitafunga tena kwa gari ya baba kitu kinachotaka kuonekana na watu.

Jumamosi iliyofuata Barasa akaenda nami na zile rimu za chuma, akazifunga pale pale uwanjani mimi nikimsubiri nje ya lango, na Jumamosi nyingine nikatoka Kitale na kondoo amefungwa kwa kiti cha nyuma, mwendo wa maiti. Kabla ya Kabuchai nikapitwa na jamaa wa baiskeli aliyebeba miwa mpaka baiskeli yenyewe haionekani.

“Mzee!” akapiga kelele akinipita. “Tia moto bana!”

Nikampungia mkono. Kondoo akalia, Nekesa akanitazama, na mguu wangu ukabaki pale pale ulipokuwa.