Sakafu ya Mninga

Nikisikia harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka, narudi sebuleni kwa bibi, kule Kasulu. Mchwa walikuwa wameila sakafu yake ya mninga karibu na mlango, na kesho yake wageni wa posa walikuwa wanakuja kwa ajili ya mama mdogo. Mjomba alipigilia mbao mpya, akazipiga randa, akaziba nyufa kwa nta ya moto iliyochanganywa na vumbi la mbao.

“Mama, pita uone,” akamwambia bibi.

“Pita wewe uliye mwembamba! Mimi nikizama, wakwe watanitoa kwa kamba?”

Mama mdogo akamvuta mkono huku akiimba. Bibi akakanyaga kwa kidole, kisha kwa kisigino, kisha akaruka. Sakafu haikulia hata kidogo.

“Waje sasa,” akasema akihema na kucheka, “waje hata na ng'ombe wao humu ndani!”