Wimbo wa Vipaji Ulioanzia Mlangoni

Katika parokia yetu, kwaya hupimwa kwa wimbo wa kupeleka vipaji altareni. Wakati wa kuingia watu bado wanatafuta viti, na wakati wa komunyo wamefumba macho. Lakini kwenye vipaji akina mama hutoka nyuma wakicheza, vikapu vya ndizi kichwani, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Wimbo ukiwa baridi, hata kuku anajua.

Miaka michache iliyopita niliiletea kwaya wimbo ambao haukuwa baridi. Mimi ni dereva mstaafu, naimba sauti ya nne, na ndimi mzee kuliko wote pale. Nilisema wimbo umenijia asubuhi nikinyoa ndevu.

"Mzee, hii ngoma inabamba vibaya," akasema msichana wa kinanda, nami nikazipokea sifa nimeinamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Ukaimbwa Jumapili ya mavuno:

*Baba wa mbingu, twaja mezani,*
*twaleta matunda ya shambani.*

Hapa Donholm, mtaa wa jiji, hakuna mwenye shamba, labda sukuma wiki kwenye gunia, lakini kanisa lilitikisika. Kwaya ikaurekodi kwa video, wote wamevaa vitenge, na chini ya picha likaandikwa jina langu: mtunzi. Mwezi ule niliitazama video hiyo kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyosali rozari.

Ukweli ni kwamba sikuwa nikinyoa ndevu. Nilipokuwa kijana nilipiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne, kwenye ukumbi mmoja karibu na soko la Kariokor. Tulivaa suruali pana na viatu vya akala, na tulijiona. Mpiga solo alikuwa karani wa reli, mtu wa magharibi mwa nchi, na mimi na yeye tulikuwa chanda na pete. Alikunywa sana. Siku moja alirudi nyumbani jua limeshachomoza, mkewe akakataa kumfungulia. Akaketi kwenye ngazi na gitaa lake, akaimba:

*Mama watoto, komeo la nini?*
*Mlevi wa jana leo si mimi.*

Ubeti wa pili ulikuwa jibu la mke kutoka ndani. Ukumbini watu waliupenda wimbo huo kuliko zote, ila hatukuwahi kuurekodi. Wenzetu wawili walishatangulia, na rafiki yangu naye alipokufa, nilijiambia hakuna aliyebaki wa kuukumbuka, nikabadilisha maneno.

Nilimsahau aliyekuwa upande wa pili wa mlango.

Mjane wake alihamia mtaa wa Fedha kwa binti yake, akaanza kusali kwetu. Jumapili moja baada ya misa nilimkuta ananisubiri karibu na sanamu ya Bikira Maria, fimbo mkononi.

"Shemeji, wimbo wenu wa vipaji ni mtamu."

"Tunamshukuru Mungu."

"Mungu namjua. Huyo aliyeutunga nilikuwa namfulia soksi."

Nikatazama viatu vyangu. Hakupandisha sauti.

"Mimi sitaki ugomvi," akasema. "Ila wajukuu wangu wanajua kitu kimoja tu kuhusu babu yao, kwamba alikuwa mlevi. Siku ya mazishi katekista alitafuta neno zuri, akaishia kusema marehemu alikuwa mrefu. Sina kingine cha kuwaonyesha. Simama siku moja kwenye matangazo, useme wimbo ni wake."

Nilimwahidi Jumapili ijayo. Ilipofika nikapata kikohozi. Iliyofuata kulikuwa na tangazo la ndoa, nikaona si vizuri kuchanganya maharusi na marehemu. Wiki hiyo nikaenda kuungama, maana kwenye kitubio aibu ni ya watu wawili tu.

"Nimeiba, Padre."

"Umeiba nini?"

"Wimbo."

"Wimbo upi?"

"Wa vipaji."

Nilisikia kiti chake kikilia. Padre wetu bado kijana, na hakuna aliyeupigia makofi wimbo ule kumshinda. "Ule wa shambani?"

"Huo. Ni wa baa."

Alikohoa kwa muda mrefu. "Mzee, mwizi wa kuku akiungama, namwambia arudishe kuku. Malipizi yako ni hayo. Rudisha."

Nikaona nimepata mwanya, kwani hakusema nirudishe vipi. Nilinunua kilo mbili za sukari na pakiti ya unga, nikaenda Fedha. Mjane akapokea kwa mikono miwili, akachemsha chai kwa sukari ileile, akanimiminia.

"Nashukuru, shemeji. Na wimbo je, umebaki dukani?"

Mwingine aliyeteseka ni Padre. Siri ya kitubio haimruhusu kusema hata kwa kope. Jumapili iliyofuata, wimbo ulipoanza, aliinamia kucha zake huku mabega yakimtikisika. Waumini wa benchi za mbele walidhani analia kwa uchaji.

Jumapili ya nne mjane alikuja na wajukuu wote. Aliwaketisha mbele, wamepakwa mafuta wanang'aa, akawaambia wakae wima. Mimi hakunitazama kabisa. Nikajua amewaambia kuna jambo watalisikia, na kwamba nisiposimama, atakayeonekana mwongo ni yeye.

Wakati wa matangazo nikaenda kwenye maikrofoni.

"Wimbo wa vipaji si wangu," nikasema. "Niliuiba kwa rafiki yangu, karani wa reli. Alimtungia mkewe asubuhi aliyofungiwa nje." Nikalitaja jina lake lote. "Mimi nilibadilisha maneno tu, tena nikayaharibu."

Kisha Padre, aliyekuwa amekizuia kicheko zaidi ya wiki nzima, akakiachilia, na kanisa zima likamfuata. Wajukuu waligeuka wakamtazama bibi yao kana kwamba wamemwona kwenye televisheni.

Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi. Nilirudi kwenye kiti nikiwaza kwamba wimbo wa mtu yule niliukumbuka noti kwa noti, lakini yeye mwenyewe alipougua nilikwenda kumwona mara moja tu, nikasema nina haraka.

Nje, mjane aliniita kwa fimbo.

"Umesema vizuri, shemeji. Ila umekosea."

"Wapi tena?"

"Umesema wimbo wote ni wake. Ubeti wa pili niliutunga mimi, nikiwa ndani, nimeshika komeo."

"Jumapili ijayo," nikasema.

"Usipate kikohozi."

Wajukuu walikuwa wamemzunguka, wanamvuta leso. Walitaka kujua kama siku ile mlango aliufungua. Hata mimi, baada ya miaka yote hiyo, nilitaka kujua.

"Kwanza huyu atangaze," akawaambia, akashika njia ya Fedha.