Nilivyokausha tangi la gesti ya kizamani Newala, mama akiwa mgeni wa heshima

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

"Wewe ukilala kwenye ile gesti, labda umekwenda kufagia." Hivyo walinicheka wenzangu utotoni, kijijini kwetu Mnyambe.

Leo nina diploma ya maji na karakana yangu Masasi, na sikushikwa mkono na mtu. Likizo iliyopita nikampandisha mama Newala, nikachukua vyumba viwili kwenye gesti ile ile. Nyumba ya mawe ya enzi za mkoloni, kuta nene, baraza linatazama bonde.

Mama alipokuwa msichana aliitekea maji nyumba hiyo, akiyapandisha kichwani kutoka bondeni. Sasa anaingia kama mgeni. Nilitembea kifua mbele, sifichi.

Kwa wasiopajua: maji huku ni shida. Gesti inategemea tangi lililochimbwa uani, linalokinga mvua ya paa. Kiangazi likiisha, limeisha.

Mchana umeme ulikatika, pampu inayovuta maji tangini ikazimika. Nikafungua bomba la bafuni, kimya. Nikaondoka na mama kwenda sokoni.

Kurudi saa kumi, Mama Zuhura mwenye gesti amesimama uani, mikono kichwani. Umeme ulirudi, pampu ikavuta, na bomba langu lilikuwa wazi.

Tangi kavu. Na walimu wa semina kutoka Masasi wanafika jua likizama.

"Wakikosa maji watahamia kwingine, na hawatarudi. Nyumba ya baba yangu ndiyo basi tena."

Nikatoa pochi. "Nalipa, Mama Zuhura."

"Hela yako inaogeka?"

Mama hakuniangalia. Akavua viatu vipya nilivyomnunulia, akajifunga kanga. "Beba ndoo."

Tukapita nyumba kwa nyumba. Shikamoo, marahaba, tunaazima maji. Huku ndoo huazimwa, na hurudi imejaa vile vile. Wengine walisita, maana ndoo moja ni mapishi ya siku nzima.

Mzee mmoja akanikazia macho. "Si ndiye yule wa diploma ya maji?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nikainama, nikajitwisha.

Tulikuwa tunamimina ndoo ya mwisho, gari la walimu likapiga honi getini. Wakaoga, ndoo moja kila mtu. Mimi na mama tukalala na vumbi letu, kwenye gesti niliyoiota tangu utoto.

Somo langu: ukifikia kwenye nyumba za kale, uliza kwanza zinaishije. Na funga bomba hata likiwa kavu. Nanyi mliowahi kuharibu ugenini semeni hapa, nisichekwe peke yangu.

Wiki iliyofuata nilirudi na pikapu, tangi la plastiki limejaa. Nikataka kugawa kwa mpira wa maji, mama akakataa. "Yalitoka kichwani, yarudi kichwani."

Nyumba moja moja, hadi kwa yule mzee. Akachungulia ndoo.

"Imejaa," akasema. "Karibu tena, fundi."