Karatasi Kutoka Unguja

Barua iliposomwa katika kikao cha walimu, mkono wangu ndio uliotangulia kunyanyuka. Ilitoka wizarani Unguja, nayo ilisema kwamba tangu mwaka ule mtihani wa pamoja, ambao wanafunzi wote wa uuguzi waliufanya siku moja na saa moja, utahesabiwa ndani ya alama za kila somo. Kabla ya hapo tuliuchukua kama kipimo tu. Aliyefanya vizuri alisifiwa, aliyefanya vibaya alionywa, na mambo yakaendelea. Sasa ungekuwa na uzito wa kumwangusha mtu. Mkuu wa chuo akatuuliza maoni yetu kabla ya kujibu.

"Miye naunga mkono," nilisema. "Na hata wasingeuliza, ningeunga mkono vilevile."

Nilikuwa na sababu zangu, na wenzangu wengi hawakuzijua.

Nimezaliwa Konde, kaskazini ya kisiwa chetu. Babu yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na baada ya Mapinduzi mashamba yale yakagawiwa watu wengine. Nyumbani kwetu jambo hili halikuzungumzwa. Baba alifungua duka dogo la vitambaa, mama akashona, nasi tukasoma. Nilipoingia mafunzo ya uuguzi nilidhani nimeingia mahali ambapo kila mtu anavaa gauni la rangi moja na mambo ya nasaba yamebaki nje ya lango. Lakini msimamizi wetu wa wodi aliujua ukoo wangu. Kila nilipoosha mgonjwa alisimama nyuma yangu, na kila mwisho wa mwezi aliandika katika daftari langu sentensi ileile: hana moyo wa kazi, amezoea kutumikiwa. Nilikuwa nikiamka mapema kuliko wote kwenda kubadilisha mashuka ya wagonjwa waliojichafua. Sentensi haikubadilika.

Kilichoniokoa ni mtihani wa mwisho. Ulikuja umefungwa kwenye bahasha yenye lakiri, tukaandika namba badala ya majina, karatasi zikapelekwa ng'ambo na kusahihishwa na watu ambao hawajapata kuniona. Haukujua mimi mtoto wa nani. Nilishika nafasi ya pili, na yule msimamizi akanipa mkono mbele ya wote. Siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka hospitali mpaka kituo cha magari ya Konde na sikuhisi ardhi.

Ndiyo maana nilinyanyua mkono.

Aliyenipinga alikuwa mkufunzi mkubwa kuliko sote, mzee aliyefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Wazazi wake walitoka bara wakaja kuchuma karafuu, na yeye mwenyewe alianza hospitalini kama mfagiaji. Nilimheshimu sana. Tulimwita Mzee tu, na yeye aliniita mwanangu hata mbele ya wanafunzi.

"Mwanangu," alisema, "karatasi haimgeuzi mgonjwa kitandani. Nimewaona waliopata alama za juu wakikimbia jeraha lenye funza. Na nimewaona walioshindwa kuandika sentensi moja ya Kiingereza wakikaa na mgonjwa mpaka akakata roho, wakamfumba macho, wakamsomea. Hao unataka kuwafukuza?"

"Sitaki kumfukuza mtu, Mzee. Nataka wapimwe kwa mizani moja."

"Mizani moja ya nani?"

Kura zikapigwa, upande wangu ukashinda.

Muhula ule tulikuwa na msichana kutoka Makangale. Baba yake alikuwa akifanya kazi msituni Ngezi, mama yake analima muhogo na kuchuma karafuu za watu msimu ukifika. Alikuwa mrefu, mkimya, na mikono yake ilikuwa na utulivu ambao haufundishwi. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kila muuguzi alinyamaza kwake. Vizee waliokataa dawa walizimeza kwake. Nilipomkagua wodini sikupata la kusahihisha, na katika daftari lake niliandika maneno ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuyatamani.

Mtihani wa pamoja ulipokuja, alianguka. Hakuanguka kidogo. Kwa sheria mpya, somo zima la dawa lilikwenda na maji, na bila somo lile hakuweza kuingia mwaka wa mwisho.

Mzee alinikuta barazani nimeshika orodha ya matokeo. Hakupandisha sauti. "Haya, mwanangu," alisema. "Kura yako hiyo."

Nilikwenda kuomba karatasi ya yule msichana. Nilitaka kuona ni Kiingereza kilichomwangusha, na kwa kiasi fulani kilikuwa Kiingereza. Lakini nilipofika ukurasa wa hesabu za dawa nilikaa kitako. Karibu maswali yote ya kupima dozi alikuwa ameyaacha wazi, na mawili aliyojaribu yalinitia baridi. Katika moja angempa mgonjwa nusu ya dawa aliyotakiwa. Katika la pili angempa mara nne.

Nikamwita ofisini.

"Wodini nani anakupigia hesabu za sindano?"

Akainamisha kichwa. "Wenzangu, Mwalimu."

"Wote?"

"Aliye karibu. Miye nawafungia vidonda vyao, wao wananambia nivute kiasi gani." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Hesabu hazinikai, Mwalimu. Tangu skuli."

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimemkagua binti huyu mara ngapi, nikavutiwa na mikono yake, nisiulize hata siku moja hesabu iliyomo ndani ya bomba la sindano imetoka kichwani mwa nani. Karatasi isiyomjua ndiyo iliyouliza. Lakini karatasi hiyohiyo, baada ya kuuliza, ilikuwa inamrudisha kwao Makangale bila kumfundisha kitu. Nilikuwa nimesema kweli kikaoni, na Mzee naye alikuwa amesema kweli, na kati ya kweli zetu mbili mtoto wa watu alikuwa anakwama.

Nikaanza kumfundisha kila siku baada ya sala ya alasiri. Wiki ya kwanza hatukufika popote. Nilimwandikia miligramu na mililita ubaoni, akazinakili kwa mwandiko mzuri, na nikifuta ubao naye amefutika. Siku moja nilichoka, nikamuuliza msimu wa karafuu kwao alikuwa na kazi gani.

"Napima," alisema. "Mama hajui kuhesabu. Miye ndiye nilokuwa napima pishi za wachumaji wote."

"Na hukukosea?"

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Mwalimu, mchumaji hadhulumiki. Ukikosea kisaga kimoja, nusu ya pishi tu, anakuja juu."

Nikasimama. Nilichukua kichupa cha dawa chenye miligramu themanini ndani ya mililita mbili, nikakiweka mezani. "Haya. Hii ni pishi mbili. Ndani yake mna themanini. Daktari anataka sitini. Nipimie."

Alikitazama kile kichupa, midomo ikicheza bila sauti. "Kila pishi ina arubaini," alisema polepole. "Sitini ni pishi moja na kisaga." Kisha macho yakamtoka. "Mililita moja na nusu!"

Nilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nikampa hesabu nyingine, na nyingine. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa akinitungia yeye mimi.

Nilikwenda kwa Mzee, nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Alisikiliza akizungusha miwani mkononi.

"Basi mtihani ulikuwa na haki," alisema.

"Nusu yake, Mzee. Na wewe una nusu yako."

Tuliandika barua pamoja, yeye na mimi, tukibishana juu ya kila neno. Tulisema mtihani wa pamoja uhesabiwe, lakini uwe sehemu ndogo ya alama, usiweze peke yake kuangusha somo. Anayeanguka sehemu fulani afundishwe sehemu hiyo na kupewa nafasi ya kuirudia kabla mwaka haujafungwa. Na kazi ya wodini ikaguliwe na watu wawili, kila mmoja na fomu yake, wasitazamiane. Hilo la tatu nililisisitiza mimi, nalo Mzee aliniuliza kwa nini. Nikamsimulia habari ya msimamizi wangu. Akaivuta kalamu karibu. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tukifagia wodi moja," akaweka sahihi.

Unguja hawakukubali yote. Uzito wa mtihani waliupunguza kidogo tu, na habari ya wakaguzi wawili walisema watumishi hawatoshi, ingawa sisi chuoni tuliifanya kimyakimya kila tulipoweza. La kurudia walilikubali. Binti alirudia sehemu ya hesabu na akapita. Hakuongoza. Kiingereza kiliendelea kumtaabisha mpaka siku ya mwisho. Lakini ukurasa wa dozi ulikuwa mzima, hauna alama nyekundu hata moja, na nakubali kwamba niliubusu kabla ya kuurudisha kwenye jalada.

Ninalotaka kulisimulia zaidi lilitokea mwaka wake wa mwisho, wodi ya watoto, muda mfupi baada ya adhuhuri. Nilikuwa upande wa pili na wanafunzi wengine. Aliletwa mtoto mchanga wa kilo tano, mwili umeshikwa na degedege. Daktari kijana aliandika dawa haraka akakimbilia mgonjwa mwengine. Sista wa zamu akamkabidhi binti chati na vichupa viwili vya miligramu kumi kumi.

Nikamwona amesimama. Hakuvuta dawa.

"Unangoja nini?" sista akauliza. "Mtoto anatutoka!"

"Sista, hii miligramu kumi na tano haikubali. Mtoto wa kilo tano hapewi kichupa na nusu."

"Daktari kaandika!"

"Naona kaandika. Lakini nimepima mara mbili." Na bila kungoja ruhusa akatembea, hakukimbia, mpaka alipokuwa daktari. "Samahani, Daktari. Hapa ni miligramu kumi na tano, au ni moja na nusu?"

Daktari akaichukua ile chati. Nilikuwa nimeshafika karibu, nikaona uso wake ukibadilika. Nukta haikuwapo. Kalamu ilikuwa imeruka.

"Moja na nusu," alisema kwa sauti ndogo. "Moja na nusu. Upesi."

Binti akaivuta dawa, akaninyooshea bomba niihakiki kama sheria inavyotaka, akaidunga yeye mwenyewe kwa ule mkono wake uliotulia. Mtoto alilegea, akapumua, baadaye akalia kilio cha njaa, na mama yake akaanguka chini kwa shukrani. Daktari alimwomba binti radhi mbele ya wodi nzima, jambo ambalo madaktari wa wakati ule hawakulizoea. Mimi nilijifanya naangalia dirisha.

Jioni nilimpelekea Mzee habari nyumbani kwake. Aliniambia nianze upya, nisiruke kitu, na nilipomaliza akamwita mkewe aje asikie, nikasimulia mara ya tatu.

Miaka ikapita, nikastaafu. Mwaka mmoja nilialikwa harusi Makangale, na asubuhi yake nikapita kituo cha afya kumsalimia yule binti, maana yeye ndiye mkuu pale. Nje palikuwa na kina mama wamekaa na watoto wao. Nikakaa mwisho wa benchi kama watu wengine. Bibi mmoja akaniuliza nimetoka wapi na nina maradhi gani.

"Sina maradhi, bibi. Nimekuja kumwona muuguzi wenu. Nilimfundisha."

Bibi yule akanitazama juu mpaka chini. Kisha akawageukia wenzake. "Jamani, sogeeni! Huyu ndiye kamfunza yule wetu!" Na benchi zima likasogea, wakanipisha mbele. Sikukataa.