Mita Haijasema

Fundi wa jenereta wa Somanda hana haraka, hata mwenye kazi akimsimamia kichwani. Kabla ya kupima chochote hugusanisha ncha mbili za mita yake, asikie ikilia, kisha huzifuta kwenye suruali. Domitila, mwenye jenereta, aliyatazama hayo mara nne asubuhi hiyo huku akichemka. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, jenereta yake ilinguruma bila kuzalisha umeme, na ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga, mayai mia mbili ya siku ya kumi na tisa yalikuwa yanapoa.

“Badilisha hicho kifaa, tumalize.”

“Kipi, mayu?” aliuliza fundi kwa sauti yake ya chini, akimwita mama kwa Kisukuma, bila kuinua macho. “Mita haijasema.”

Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole gumba, mpaka akaukuta uliolegea nyuma ya kapasita, akaukaza. Domitila akaikimbilia plagi ya mashine ya mayai. Fundi akamzuia kwa mkono, akamwonyesha mita: volti mia mbili na tisini.

“Hii itaunguza mashine yako. Injini inakimbia mno. Nani amekaza skrubu hii ya mwendo?”

Alikuwa ameikaza Domitila mwenyewe, kwa hasira, kabla ya kumwita. Akasema hajui.

Fundi hakubisha. Aliilegeza taratibu, robo kwa robo, kisha akampa bisibisi.

“Robo ya mwisho zungusha wewe, mayu, ili siku nyingine ujue upande wa kulegeza.”

Domitila aliizungusha, mita ikashuka hadi mia mbili na thelathini, ndipo fundi akamwachia plagi. Mayai yalikuwa bado na uvuguvugu.