Kidole cha Mke Mdogo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi mjini Geita, miaka ya tisini, nilipomwambia mwanamume mzima maneno manne ambayo sijaweza kuyasahau: "Si una mke mwingine?" Nisikilize taratibu, mwanangu, maana habari hii huwa inanichosha, na sipendi kuirudia.

Nilikuwa dalali wa nyumba. Dhahabu ilikuwa imewaleta watu kutoka kila upande, na mwenye kuta nne hakukosa mteja. Nilijivunia jambo moja: nilijua ofisi inataka nini. Wengi walidhani wanauza ardhi. Mimi niliwaeleza kwamba ardhi ni ya umma, na unachouza ni ulichojenga juu yake: kuta, mabati, mlango. Niliwaeleza pia kwamba nyumba ya familia haiuzwi mpaka mke aridhie. Nilizijua kanuni hizo kama mtoto anavyojua kuhesabu, yaani kwa kukariri.

Masanja alikuwa mchimbaji. Alitaka kuuza nyumba yake ili aingie ubia kwenye duara, lile shimo la dhahabu ambalo kila mwenye nalo huamini kesho litatema. Nilikwenda kuikagua nyumba. Ilikuwa ya matofali ya udongo, bati jipya, ua umefagiwa. Mwenyewe aliyeufagia, Mama Kulwa, mke wake mkubwa, alikuwa amekwenda Nkome kununua dagaa na angerudi baada ya wiki mbili.

"Mnunuzi hasubiri wiki mbili," nilimwambia Masanja. "Ni mwalimu, kapata uhamisho, anataka pa kuwajengea watoto kabla ya mvua."

"Na karatasi inataka mke."

Hapo ndipo nilipoyasema yale maneno manne. Mke mdogo alikuwa Nyarugusu, kilomita nyingi kutoka pale, na hakuwahi kulala katika nyumba ile hata siku moja. Kesho yake Masanja alimleta kwa baiskeli.

Katika ofisi ya kata, katibu alimwangalia binti yule, akaangalia karatasi. "Wewe ni mkewe?"

"Ndiye," alijibu Masanja.

"Nimemuuliza yeye. Au umemwoa na ulimi wake?"

Tulicheka. Binti akasema kwa sauti ndogo kuwa ni mkewe. Akachovya kidole kwenye wino, kisha akaniuliza mimi, "Kaka, hii nyumba iko wapi?"

Tulicheka tena, mwanangu. Akabonyeza kidole. Kuuliza si ujinga. Wajinga tulikuwa sisi tuliocheka bila kumjibu.

Mama Kulwa alirudi na magunia yake matatu juu ya gari la mizigo. Mwalimu alikuwa ameshaivunja nyumba. Alitaka kujenga ya matofali ya saruji, na mafundi walikuwa wameezua bati na kuangusha kuta zote isipokuwa ya jikoni. Mama Kulwa aliyashusha magunia barabarani, akaja kwa miguu kijiweni kwetu madalali. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Wewe ndiye uliyekuja kukagua nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Chumbani uliingia?"

"Niliingia."

"Ulikuta nguo za nani zimetundikwa?"

Nilizikumbuka vizuri: gauni la kijani, kitenge, na sweta la mtoto. 

"Basi uliniona," akasema, akaondoka.

Shauri lilifika baraza la kata. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, mtu wa maneno machache. Nilijitetea kwamba karatasi ilitaka mke, na mke alikuwapo.

"Kijana," akaniuliza, "sheria inamtaka mke aridhie kwa sababu gani?"

"Ili mauzo yakamilike, mzee."

Aliiweka kalamu mezani. "Ili mtu asirudi nyumbani akakuta hana nyumba. Huyu uliyemleta, nyumba ikiuzwa, angelala nje?"

"Hapana, mzee."

"Basi hukuleta mke. Umeleta kidole."

Baraza likasema mauzo ni batili. Ungedhani haki imepatikana, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama Kulwa alirudishiwa kiwanja na ukuta mmoja wa jiko. Mwalimu, ambaye hakumkosea mtu, alibaki akimdai Masanja fedha zilizokwisha kuzama kwenye duara, na duara halikutema kitu. Nilirudisha ujira wangu wote. Haukutosha kununua mlango. Mama yule alipanga chumba na watoto wanne, na ilimchukua misimu mitatu ya dagaa kuinua chumba kimoja cha kwake. Nilikuwa nikipita pale nikimwamkia, naye alianza kuitikia mwaka wa pili. Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Niliendelea na udalali miaka mingi. Nimeona sheria zikibadilika, fomu zikiongezeka, mihuri ikizidi, picha zikibandikwa. Zote ni nzuri. Lakini hakuna fomu niliyoiona ambayo mtu mwenye haraka hakuweza kuijaza, na haraka haraka haina baraka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiuza, ukinunua au ukiwa kati ya wawili hao, usianzie ofisini. Nenda kwenye nyumba yenyewe, uliza nani analala humo, na uongee naye akiwa amekaa humo. Mwenye wake wawili, waone wote wawili. Aliye safarini, msubiri. Mteja akikimbia, mwache. Atakuja mwingine, na nyumba itakuwa bado imesimama. Kila kanuni inayokukera ofisini, jiulize kwanza iliwekwa kumlinda nani, kisha umtafute mtu huyo kwa jina lake.

Mungu akupe pa kulala ambapo hakuna aliyelia kwa sababu yako, na kila utakayemwamkia aitikie.