Gitaa la Marehemu Mume Wangu Lilisikika Konde, na Kichwa Chake Nnacho Mie Sandukuni

Aliyenambia ni Bi Mize, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Makangale, Pemba. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa mfungo pili, mwaka jana. Mie napepeta mchele.

Hakubisha hodi. Kaingia tu, manukato ya harusini bado yanamnukia.

"Bi Asya, jana nimelisikia gitaa la Soud."

Nikaweka ungo mapajani.

"Soud yupi?"

"Soud Kificho. Marehemu mumeo. Lapigwa harusini Konde, wallahi. Lile lile, Valdema!"

Ngoja nieleze, msije mkaniona mwehu kwa nilivyoshituka.

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa wa taarabu. Gitaa lake si kama haya yenye shimo moja la duara katikati. Lake lilikuwa limevimba kifua kama fidla, lina matundu mawili membamba yaliyopinda, moja huku, moja kule. Juu kichwani limeandikwa kwa gamba la chaza: Valdemar. Ni jina la mzungu aliyekuwa akiunda magitaa zamani huko Ulaya. Sisi tukiliita Valdema.

Soud alipofariki, gitaa likabaki ukutani. Mchwa wakalivamia. Wakala tumbo, wakala mgongo, wakala mbavu. Siku niliyoligusa lilimwagika kama unga.

Kikasalia kichwa, na jina lake. Nikakifunga ndani ya kanga, nikakitia sandukuni.

Sasa gitaa lisilo mwili linaliaje Konde?

"Kalipiga nani?"

Bi Mize akajifanya anatengeneza buibui lake.

"Hafidh. Huyo huyo Hafidh wenu."

Mchele wote chini.

Huyo Hafidh alikuwa ameleta posa kwa mjukuu wangu Suhaila. Baba yake Suhaila ni mwanangu Ahmada, yuko Maskati kikazi. Alinipigia simu akanambia, "Mama, mie siko. Mchunguze kijana. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, tumekwisha."

Kwetu mposaji hupelelezwa. Nilishauliza msikitini kwake, nilishauliza kazini kwake, nilishauliza hata kwa mama muuza mandazi wa mtaani kwao. Fundi umeme, anaswali, hana ugomvi na ntu. Ilibaki nishike simu tu nimwambie Ahmada ndiyo.

Ndio likaja hili.

"Mshereheshaji kalitangaza kwenye kipaza sauti," Bi Mize akaendelea. "Kasema hili ni Valdema la kale, la Ulaya, Pemba nzima halina mwenziwe. Na kijana wenu kainama, anatabasamu tu. Nikauliza bei alonunulia. Yakhe! Bei ya pikipiki ya mtumba!"

Soud alikuwa akinambia, Valdema la kweli ntu huuza nyumba.

Nikakaa nikafikiri. Ama kijana kaiba, ama kanunua feki na anawapiga watu changa la macho. Vyovyote vile ni mwongo. Na anayedanganya kwa gitaa atamdanganya na mke.

Nikageuka. Suhaila kasimama mlangoni, kasikia yote.

"Bibi, si umwulize mwenyewe?"

"N'tamwuliza. Ila hatajua kama namwuliza."

Nikamwalika Hafidh Jumamosi mchana, aje na gitaa lake, atupigie kidogo. Kisha nikampigia Mzee Talib wa Micheweni. Yule ni seremala, na ndiye aliyekuwa akipiga besi kubwa ya kusimama pamoja na Soud. Mbali na mume wangu, hakuna mkono mwingine uliolishika lile gitaa ila wake.

"Njoo unitazamie gitaa, Mzee Talib. Jina lake Valdema."

Nikamsikia akiweka randa yake chini.

"Bi Asya," akasema mwisho, "ya nini kufukua mambo?"

"Njoo tu."

Nikakata simu nikajiuliza: kufukua nini?

Wiki ile Suhaila alitia chumvi mara mbili kwenye kila chungu. Sikumsema. Nilikula tu.

Jumamosi Hafidh akafika na bodaboda, kasha refu jeusi mgongoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wambaje?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Liweke hapo barazani."

"Bibi, hapo jua lafika. Naomba likae ndani. Likipata joto gundi hulegea."

Mhh.

Maneno hayo hayo alikuwa nayo Soud! Miaka yote ya ndoa yetu hakuniachia kulipangusa hata vumbi. "Usiliguse, Asya, litapata joto." Nikasema moyoni, huyu kajifunza hata lugha ya wenyewe.

Akafungua kasha.

Nisiwafiche, ilikuwa kama nalitazama la Soud. Katikati rangi ya asali, pembeni kama sukari iliyoungua. Kifua kimevimba. Matundu mawili. Na kichwani, jina.

Nikautega mtego wangu.

"Zuri. La zamani, eti?"

"Hapana, Bibi. Jipya hilo. Halina hata miaka miwili."

Sikulitegemea jibu hilo. Lakini nawajua waongo hodari, huanza na kweli ndogo.

"Mbona lina jina la mzungu wa kale?"

"Mzee mwenyewe kafa zamani, na karakana yake ikafungwa. Jina likaja kununuliwa na kiwanda kingine, mbali na kwao. Wanaunda kwa umbo lile lile lakini kwa mbao rahisi. Ndio maana na mie fundi nyaya nimeliweza."

"Basi ni feki."

"Feki ni nikikwambia kaliunda mzee kwa mikono yake. Mie sijasema hivyo kwa ntu."

"Mshereheshaji kasema."

"Kasema yeye, Bibi. Nilimfuata pembeni nikamwambia asirudie. Akanijibu, watu wamefurahi, weye wanyima watu raha?"

"Na kitu kipya kupewa jina la maiti, waona sawa?"

Akakuna kisogo.

"Kaka yake Suhaila si anaitwa Soud? Jina la babu yake?"

"Ndiyo."

"Bibi, humwitaje akija?"

Chumbani nikasikia Suhaila anacheka kwa pua. Maana Makangale nzima wanajua: yule mtoto namwita mume wangu. Akifika tu namwuliza, mume wangu, leo umeniletea nini?

"Wajanja nyie wa Konde," nikamwambia.

Lakini sikulegea. Ulimi mwepesi nao ni wa kuogopwa.

Mzee Talib akaja na bakora yake na miwani. Akalipakata gitaa. Kwanza akaligonga kifua kwa kidole, taratibu, kama unavyoligonga fenesi sokoni kusikia kama limeiva. Akamulika ndani ya tundu kwa simu. Akalinyanyua akafumba jicho moja, akaitazama shingo kama anayelenga shabaha. Halafu akapiga nyuzi, moja moja, akisikiliza kila moja mpaka inyamaze.

"Ndani mna kibandiko," akasema. "Kimeandikwa nchi lilikoundwa, na wala hawakuficha. Tazama ukingo wa tundu, Bi Asya. Tabaka tatu. Ni mbao ya kubandikwa ikakandamizwa, si kipande kimoja kilichochongwa. Sauti ya juu tamu. Ya chini kavu kidogo. Shingo imenyooka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni gitaa zuri la bei ndogo. Halimdanganyi ntu."

Mbona upesi hivyo? Na mbona asema huku hanitazami, atazama kuku uani?

"Nyie wawili mlishaonana kabla ya leo?"

"Astaghfirullah, Bi Asya!"

Nikainuka, nikaenda sandukuni, nikarudi na furushi langu la kanga.

"Haya. Sasa tulilinganishe na la kweli."

Hafidh akakipokea kile kichwa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akasoma jina. Akakigeuza. Akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akatazama pale kilipovunjikia shingoni.

Akapapasa hapo kwa kidole.

Jasho likamtoka. Akamtazama Mzee Talib. Mzee Talib akatazama kuku.

Nikasema: nimempata.

"Sema, kijana. Kuna nini?"

"Hamna kitu, Bibi. Zuri. Lirudishe tu sandukuni."

"Mbona watokwa jasho?"

"Joto, Bibi."

"Joto la gitaa au lako?"

Hapo Suhaila akatoka chumbani, kanga kichwani, macho mekundu.

"Hafidh, kama kuna neno, liseme. Bibi hawezi kumwambia baba ndiyo juu ya ntu anayemficha jambo."

Kijana akamtazama, akainamisha uso.

"Hili si langu kulisema," akajibu.

Nikaenda jikoni, nikarudi na kisu cha samaki.

"Mzee Talib, haya ya kale ya Ulaya huundwa kwa mbao gani?"

"Za nchi za baridi," akajibu polepole. "Nyeupe, chini ya rangi."

"Basi nalikwangua la Soud, tuuone huo weupe wa kweli. Kisha tutazame na wa huyu."

"Wacha, Bi Asya! Utaliharibu!"

Mzee Talib ni ntu wa sauti ya chini. Tangu nimjue, sijapata kumsikia akipiga ukelele.

Ndio kwanza nikakwangua.

Rangi nyeusi ikabanduka. Chini yake si nyeupe.

Ni manjano.

Manjano niijuayo tangu nina akili zangu, ya vinu vyetu, ya milango yetu, ya kitanda nilichozalia wanangu.

Mfenesi.

Na Ulaya mifenesi haioti.

"Ebo!" ikasikika nyuma ya ukuta. Bi Mize, kumbe katega sikio muda wote.

Nikakaa chini. Kisu sikujua nakiweka wapi.

Mzee Talib akavua miwani.

"Nilichonga mie," akasema. "Baba yako alisema hamwozi binti yake mpiga ngoma asiye mbele wala nyuma. Mie na Soud tulikuwa tumeliona Valdema moja Tanga, kwenye bendi. Tukalikariri kwa macho. Kichwa nikachonga kwa kiini cha mfenesi, shingo kwa mti laini, uani kwa mama yangu. Tumbo ni mbao za makasha ya chai, tukazikunja kwa mvuke. Jina nikalipachika mwenyewe, gamba kwa gamba. Soud akalibeba mpaka kwa baba yako, akamwambia kauziwa na nahodha wa meli."

"Na baba akakubali."

"Siku ile ile."

Kumbe ndio maana mchwa walikula mwili wakaacha kichwa. Mbao ya kasha wanaipenda. Kiini cha mfenesi hawakiwezi. Na mie nilikuwa nikisema ni baraka ya jina!

"Na lile joto?" nikauliza. "Litapata joto, litapata joto, kila siku?"

Mzee Talib akaficha kicheko kwenye kiganja.

"Ndani ya tumbo maandishi ya kasha hayakufutika, Bi Asya. Ungechungulia tundu ungesoma jina la kampuni ya chai."

Nikacheka. Nikacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Mngenambia," nikasema. "Ningeolewa naye hata angekuja na gambusi la kopo."

Mzee Talib akajibu kwa sauti ndogo.

"Yeye hakulijua hilo."

Suhaila akanichukua kisu mkononi, akakirudisha jikoni.

Nikamwinulia macho Hafidh. Kijana yule alikuwa ameuona mfenesi kabla yangu, palipovunjikia. Akilisema tu, kapona: gitaa lake ndilo lenye ukweli, langu ndilo la uongo. Akachagua nimdhanie mwizi, amkose Suhaila, kuliko kumfedhehesha maiti mbele ya mkewe.

Nikashika simu pale pale.

"Ahmada. Ndiyo."

"Ndiyo nini, Mama?"

"Ndiyo. Waje na wazee wake."

Jikoni sahani ikaanguka ikavunjika. Sikuuliza.

Tukala wali na samaki wa nazi, chumvi mara hii sawasawa. Bi Mize akazunguka ukuta akaja kula na sisi, na kudai kuwa yeye alijua tangu mwanzo. Kisha Hafidh akapiga gitaa lake barazani, kwenye kivuli. Mzee Talib alisema kweli, sauti ya chini kavu kidogo.

La Soud lilikuwa hivyo hivyo. Mie ndiye niliyekuwa nikiisikia nene.

Nyie wenye wajukuu wa kuoza, nawaambieni: mpelelezeni mposaji, tena mpelelezeni sana. Lakini mpimeni kwa alilolisema kwa kinywa chake, si kwa alilotangaziwa kwenye kipaza sauti. Na mkitaka kumlinganisha na ntu wa zamani, mkwangueni kwanza na huyo wa zamani.

Jua lilipokuwa kali, Bi Mize akarudi kwake, na punde nikamsikia akikoroma ng'ambo ya ukuta. Mzee Talib akapitiwa na usingizi kwenye mkeka wa barazani, mdomo wazi. Hafidh akajiegemeza nguzoni, mkono juu ya kasha lake, naye akasinzia. Suhaila nilimkuta kajilaza, simu kifuani, uso unatabasamu macho yamefumba.

Nikaingia chumbani kwangu na kile kichwa. Pale nilipokwangua pameng'aa manjano.

Nikakiweka juu ya mto, upande aliokuwa akilala yeye.

"Mwongo mkubwa weye," nikamwambia.

Nikajinyoosha ubavuni pake, nikalala.